Kikundi cha Arobaini na Tatu

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Imeingia tangu saa nane, imekaa juu ya bati la hospitali,
nami nimekaa chini yake ndani ya koti la marehemu baba,
orodha ya idara mkononi.

Mwaka jana niliviunda kwa mkono:
bofya, andika jina, bofya, hifadhi, ngoja.
Wauguzi wa zamu. Maabara. Dawa. Wodi ya wazazi.
Kila kikundi na milango yake, kila mlango na funguo zake,
na umeme ukikatika kwenye kile cha kumi na tisa
unaanza tena moja, kama mtoto aliyepotelewa na hesabu.

Leo nimeandika amri. Mistari kumi na moja tu.
Kwa kila jina kwenye orodha,
unda kikundi, kipe milango yake,
nenda kwa linalofuata.
Inasomeka kama wosia wa mtu asiyependa maneno.

Nikabonyeza.
Ikaenda, haikohoi, haiombi chai,
ikanizalia Maabara mapacha:
moja ina nafasi tupu mwishoni mwa jina,
jicho langu halikuiona.
Nikafuta yote. Nikaongeza mstari:
kama kipo, kiruke. Na mwingine:
pangusa ncha za jina kabla hujaliita.
Mama angecheka. Hivyo ndivyo alivyotupangusa makamasi
mlangoni mwa kanisa.

Mara ya pili ikapita safi mpaka arobaini na mbili.
Kisha arobaini na tatu.
Nikadhani imekosea. Nikafungua orodha:
mstari wa mwisho, chini kabisa ya karatasi,
Ufuaji.

Sikuwahi kufika pale.
Mwaka jana, saa sita usiku, vidole vimeganda,
nilisema "kesho", na kesho ikawa miezi kumi na minne,
Tumwitike akihesabu mashuka kwa jina la mtu mwingine,
akiazima nywila kama watu wanavyoazima chumvi.
Mashine haina huruma, nakubali.
Lakini uchovu wangu nao ulikuwa na upendeleo,
na huo sikuuandika popote.

Asubuhi amekuja, mikono inanuka jiki,
Rungwe bado umejifunga ukungu kiunoni.
Nimemvutia kiti. Ameandika jina lake kwa kidole kimoja,
herufi kwa herufi, midomo ikimsaidia.
Nywila amekosea mara mbili.
"Ngoja," ameniambia, akiusukuma mkono wangu.
"Usinisaidie."