Bwawa la Nane, Ruai

Nairobi nzima hunijia ikishamaliza kunawa mikono.
Maji ya Karen na ya Kariobangi, ya waheshimiwa na ya wafungwa,
huteremka mabombani usiku kucha
na kufika hapa bila cheo.
Kazi yangu ni kuyapima:
kina, joto, rangi, harufu
(harufu niliacha kuiandika mwaka wa kwanza).
Naitwa Wanza. Gambuti ni za kampuni,
daftari ni la kampuni,
macho ni yangu.

Halkano alikuja Machi na darubini ya miguu mitatu,
akasimama kwenye tuta la bwawa la nane
kama mtu anayengoja kuitwa kwenye mahojiano.
Nikamwuliza, unatafuta nini kwenye mavi ya watu?
Akasogea kando: Tazama.

Chokowe. Mdogo, rangi ya vumbi,
uzani wa sarafu tatu,
akidona tope kama cherehani ya fundi mwenye madeni.
Mguuni, pete.

Halkano akachora mchangani kwa ufunguo wa pikipiki:
hapa ni sisi; panda, pita Moyale kwetu,
pita jangwa, pita milima, pita misitu isiyokwisha,
hadi nchi ikatike.
Hapo ndipo alipovishwa. Hapo ndipo kwao.

Barafu niliyoijua mimi ni ya Kwamboka muuza samaki,
iliyopondwapondwa, yenye magamba,
inayochuruzika hadi mtaroni.
Siyo ya kufunika bahari
mpaka bahari ijisahau.

Akanisimulia mchana baada ya mchana, tukigawana githeri yangu:
kwamba kuna mahali barafu hukataa kushika,
tundu jeusi la maji katikati ya weupe,
na nyangumi huja kupumua hapo kwa zamu
kama sisi na mitungi yetu kioskini;
kwamba walarasi hulala ufukweni wamebanana,
pembe ya huyu mgongoni kwa yule, wakinung'unika;
kwamba lipo jabali lililofunikwa na ndege hata jiwe halionekani,
kila yai kwenye ukingo wa upana wa kiganja,
limechongoka upande mmoja ili lisibingirike baharini.
Na mito mikubwa hufika pale
imebeba matope ya bara zima
na kuyamwaga, na matope hayo ndiyo karamu.

Hapo nikacheka. Matope nayajua.

Kiangazi jua halitui huko, akasema.
Nani basi huwaambia ndege walale?
Hakujua. Nilimheshimu kwa hilo.

Aprili wakaja watu wa viatu safi, na vigingi vyekundu.
Walitandaza ramani kwenye boneti ya gari,
nikaona bwawa la nane limekuwa vyumba,
kila chumba na namba yake.
Nilipomweleza Halkano alinyamaza,
kisha akafungua simu: ramani nyingine, pwani ile,
madoa ya kijani. Hapa sili huzalia.
Hapa dubu huchimba pango la watoto.
Hapa, kwenye majani mafupi kuliko nywele zako, chokowe hutaga.
Na katikati ya kijani, mstari mmoja mnyoofu, mwekundu,
njia ya meli,
kwa kuwa barafu siku hizi inachelewa kurudi.
Meli za kwenda kufanya nini huko?
Kupita tu.

Aliyechora mstari ule simjui.
Ila mkono wake naujua: haujawahi kulowa.

Wiki ya mwisho chokowe alinona hata shingo ikapotea.
Funza wetu, minyoo yetu,
mabaki ya chapati za jiji hili
chini ya ngozi yake, mafuta ya safari.
Kisha mvua ya usiku,
na asubuhi tope tupu lenye nyayo ndogondogo.

Niliandika: Bwawa la nane. Kina mita moja na robo.
Joto ishirini na mbili.
Chini kuna safu ya Maelezo, ambayo kwa miaka tisa
sikuwahi kuijaza.
Nikaandika: Amekwenda kwao.
Msimamizi alipiga mhuri bila kusoma.

Kigingi kimoja kimeng'olewa na mvua.
Kimelala hapo kwenye tuta, nakiruka nikipita.
Sijakirudisha.