Hodi Elfu Kumi

Dundee, Novemba. Saa kumi alasiri
nasi tumeshawasha taa tangu saa tisa.
Mto Tay hauonekani dirishani.
Mimi nipo kwenye dirisha jingine, la mashine,
napima herufi inachukua muda gani kuwa kivuli.

Kazi yenyewe haina hadithi:
chora mstari mmoja wa maandishi juu ya picha,
uchore mara elfu kumi, saa ikihesabu,
kwanza kwa wino mzito usiopenya nuru,
kisha kwa wino nusu, ule unaoacha
kilicho nyuma kiendelee kuwapo.

Programu ni ya hospitali. Jina la mgonjwa
hukaa juu ya picha ya mfupa wake,
na jina zito liliwahi kufunika ufa
mwembamba kama unywele, kwenye kifundo
cha mzee mmoja wa Lochee. Akaambiwa atembee.

Elspeth, meza ya pili, hupimia
sentensi ya shuleni kwao, yenye herufi zote.
Mimi napimia ujumbe wa mwisho wa mama:
*Mchele kilo mbili, nazi tatu,
na betri za redio. Nitalipa Ijumaa.*
Haukuwa wangu. Ulikuwa wa Mbwana mwenye duka;
kidole kilimteleza.

Wino mzito: milisekunde arobaini na moja.
Wino nusu: mia mbili na sita.
Nikafunga kila kitu, hata muziki, nikapima tena.
Mia mbili na nne.

Basi nikapasua tumbo la mashine nione.
Herufi nzito haibishi hodi.
Inakanyaga nukta, inaketi, yamekwisha.
Herufi nyepesi hubisha:
Hodi, hapa pana rangi gani?
Karibu, pana kijivu.
Nichukue nusu yako, nikuachie nusu yangu?
Haya.
Nukta ya pili: hodi.
Nukta ya tatu.
Nazi tatu, hodi. Ijumaa, hodi,
na chombo kilichoundwa kwenda mbio
kinasimama kila kizingiti, viatu mkononi.

"Danganya," akasema Elspeth, biskuti mdomoni.
Nyuma pana kijivu, tunajua. Changanya rangi mapema,
chora kwa wino mzito, jicho halitagundua.
Nikafanya. Arobaini na tatu!
Tukagonganisha vikombe vya chai.
Kisha nikasogeza maandishi juu ya goti,
na *betri za redio* zikabaki
na kijivu chao cha kukariri
juu ya mfupa mweupe, kama mtu
anayejibu "njema" kabla hajasalimiwa.

Namjua mtu huyo.
Miaka kumi na moja naingia vyumba vya mji huu
kicheko kikiwa tayari, mvua ya kulalamikia tayari,
Mwinshehe limekatwa tayari kuwa Win.
Milisekunde arobaini, nimeshaketi.

Nikaufuta ule ujanja.
Nikajaribu njia ya tatu: chora mstari mzima pembeni,
juu ya utupu, kisha ulete wote kwa pamoja,
mmoja abishe kwa niaba ya msafara.
Tisini na nane. Si haba, wala si mbio.
Kwenye ripoti nikaandika: hii ndiyo bei,
na mwenye kifundo alishailipa mara moja.

Elspeth akavuta kiti, akasoma skrini yangu,
pale ambapo maneno ya mama na goti la mgeni
yalikuwa yakionana.
Miaka mitatu meza zetu zimegusana.
"Haya yanasema nini?"
Nikamwambia, neno kwa neno, hadi Ijumaa.
Akanyamaza, akapangusa makombo ya biskuti.
"Na betri, alizipata?"

Sijui, nikasema.
Mbwana hakuletewa ujumbe.
Uliletwa kwangu.