Kiinua Mgongo

Mwanangu Hatibu alisema: nunua kiwanja Chanika.
Shoga yangu Stumai akasema: bajaji mbili,
moja ikilala nyingine inazunguka.
Nikaenda Gerezani, mvua ya vuli inadondoka,
nikamwambia fundi Kondo: nichomelee tela.

Ya mchanga? Ya matofali?
Ya kulala.
Akazima mashine. Akavua miwani.
Ya kulala nani?

Miaka thelathini na mmoja nimechora ramani za Ardhi,
mistari ya miinuko kwa wino wa kahawia,
kijito hiki, njia ya miguu ile, kisima, kichuguu,
na jioni narudi Tandika kulala palepale,
ubavu uleule.
Sijawahi kulala juu ya mstari wangu hata mmoja.

Nilikwisha kuziona za wenzetu, Mikocheni,
zimeshushwa bandarini juzi,
nyeupe kama meno ya kwenye tangazo:
sinki, jokofu, kiti kinachozunguka.
Kijana wa mauzo alinifungulia mlango.
Mimi nikachuchumaa, nikachungulia chini.
Tumbo lilikaribia kugusa lami,
na hapo bado halijala.
Hii ikikutana na mashimo ya Mbagala Kuu?
Akanionyesha taa za ndani, zinabadilika rangi.

Kwa Kondo tulipima kwa rula yangu ya kazini.
Ekseli moja. Springi za Hiace kuukuu.
Matairi saizi ileile ya Suzuki yangu,
ili spea tugawane, kama doti ya kanga.
Kimo: kreti la soda lipite chini likiwa wima.
Urefu: mimi, na kiganja.
Upana: mimi, na mtu mmoja asiyegeuka-geuka.
Jiko nyuma, mlango wake ukiinuliwa ndio paa.

Kisha nikaishika pua, nikainyanyua.
Bibi, kuna kigurudumu cha kusukumia, akacheka.
Kigurudumu kitazama mchangani, fundi. Nitabaki mimi.
Ilikuwa nzito.
Akalisogeza tangi la maji likakaa juu ya ekseli.
Nikanyanyua tena.
Hiki ni kiinua mgongo, nikamwambia,
kisije kikawa kivunja mgongo.

Kwenye pantoni mkata tiketi alikuna kichwa,
akapekua orodha, akaandika: mkokoteni.
Nikalipa. Sikubishana.

Baada ya Mwasonga barabara ilisahau kwamba ni barabara.
Nikashuka, nikatoa upepo kwenye matairi yote sita,
kila moja likapumua kama mtu aliyevua viatu,
tukapita mchangani taratibu, mimi mbele, kitanda changu nyuma.
Komeo la kabati nilisahau kulifunga.
Kilo mbili za sembe zilifika Buyuni zikiwa ndani ya shuka.

Na kurudi nyuma, jamani, hakuna aliyenifundisha.
Ukikata kulia yenyewe inakwenda kushoto,
Hatibu mtupu, alipokuwa na miaka kumi na minne.
Dakika arobaini. Nikazima gari.
Nikaifungua ndoano, nikaishika pua,
nikaisukuma kwa mikono hadi nilipopataka.

Usiku niliwasha tochi nikakunjua karatasi,
sahihi yangu pembeni, ya mwaka wa tisini na nne.
Hapa nilipolala nilichora kichaka,
vinukta vya kijani, nadhifu sana.
Sikioni kichaka. Kuna kitu kinachakarika
karibu na sikio langu, nje ya bati,
na mimi na sembe yangu tumetulia.

Alfajiri alikuja mtu mwenye panga na salamu.
Pazi. Haya matuta ya mihogo ni yangu, alisema,
umelala kwenye tuta la tatu.
Akaizunguka tela mara mbili.
Akaweka panga chini, akashika pua, akainyanyua.
Nyepesi, akasema,
akaketi kungoja chai.

Maji yakichemka nikatafuta kalamu,
nikakikata kile kichaka chote,
nikaandika juu yake: mihogo, ya Pazi.