Pingili

Hombolo, saa nne usiku, umeme umerudi.
Nimekalia kreti la zabibu nililolipindua
naandika mistari sita juu ya ubwiri unga,
jinsi Baba anavyoujua kwa kidole
kabla jicho halijauona.
Nabonyeza mara moja, basi.
Mengine ni ya kijiprogramu
alichonifungia Nyemo, binti wa Chilongani,
kwa ujira wa debe moja na soda mbili:
kikiona nimeandika jipya
hakiniulizi, hukimbia nalo seva tatu,
na huko wanaonifuata hulipokea,
wakalipeleka kwenye seva nyingine
ambazo majina yake ulimi wangu unayakataa.

“Mwenye mtandao huo nani?” Baba aliuliza.
Hakuna, nikamwambia. Kila nyumba na mwenye nyumba,
na milango wameachiana wazi.
Akacheka hadi akakohoa,
akanyoosha mkono kule mji unakong’aa:
“Wizara zote zimehamia pale.
Kila kitu kimetafutiwa makao makuu,
wewe unaniambia kuna kitu hakina?”

Akanyamaza. Akashika tawi.
“Labda ni kama hizi.”
Pingili zake za kwanza alipewa Mpunguzi,
amezifunga kwa gunia bichi, kwenye baiskeli;
naye akagawa Handali, akagawa Chigongwe.
Leo muulize mtu wa Handali
mzabibu mama uko wapi,
atakuonyesha wake.

Jumamosi moja bando lilikuwa la bei rahisi
nikaandika matatu kwa mpigo,
nikayapangia siku na saa.
La Jumatatu, alfajiri, saa kumi na mbili:
*Leo Baba anaanza kupogoa.
Mkono haujasahau.*

Jumapili, jua likizama, Baba akafariki.

Kijiprogramu hakijui msiba.
Hakikuvua viatu mlangoni.
Shangazi Sechelela alikuwa anakoroga uji wa wafiwa,
mimi nimevaa koti la kuazima,
simu ikatetemeka mara moja kifuani
nikadhani ni mtu wa jeneza.

Tulipotoka makaburini
watu arobaini na mmoja walikuwa wamemtakia kazi njema.
Mmoja, anakokaa kuna theluji,
alituma picha ya mkasi wake juu ya meza:
“Mwambie mzee abakize macho mawili kila tawi,
asikate karibu mno.”
Baba alikuwa akisema hivyohivyo.
Macho mawili. La pili ni akiba.

Nilifuta.
Kijiprogramu kikatoka tena, mbio zilezile,
kikagonga nyumba hata nyumba: tafadhalini, futeni.
Wengine walifuta.
Wengine walikuwa wamezima, wamehama,
au wamebadili kufuli.
Nyemo akaniambia taratibu, kama anayemlisha mgonjwa,
“Huku hakuna wa kumwamuru mwenzake.
Tunaombana tu.”

Kwa hiyo iko seva mahali,
pengine stoo ya mtu, kando ya jokofu bovu,
ambamo ni Jumatatu alfajiri
na Baba anaanza kupogoa leo.
Mwanzoni wazo hilo lilinikosesha usingizi.
Siku hizi huwa nalitembelea.

Nyemo aliuliza kama akizime kabisa.
Nikasema kiache kikimbie,
ila saa aitoe. Nitabonyeza mwenyewe
nikiwa na uhakika nani yu hai.

Nimeanza na safu ya saba, aliyoiishia.
Mpini wa mkasi umelika
pale kidole gumba chake kilipozoea;
changu bado hakijajaza shimo.
Nakata. Tawi linatoa maji, tone baada ya tone,
mizabibu yote hulia hivyo, si jambo.
Nahesabu: moja, mbili.
Pingili zilizoanguka sizichomi.
Kuna kijana wa Mvumi amesema atazipitia kesho,
na gunia lake, bichi.