Bado Ipo?

Kila usiku nikishafunga duka la vipuri
naandika maneno mawili yaleyale:
Bado ipo?

Ipo, hunijibu. Haijawahi kukosa kuwapo.
Vyumba vinane Kaptembwo, mabati mapya,
maji siku zote, stima ya tokeni,
wapangaji wanaolipa kabla ya tarehe tano.
Bei imeshuka kwa sababu mwenyewe anahamia Kitale,
au ana mgonjwa,
au ameokoka na hapendi mambo mengi.

Nilituma elfu moja ya kuonyeshwa.
Nikangoja nje ya kinyozi
hadi kinyozi akaninyoa ndevu bure, kwa huruma.
Vyumba vinane vilikuwa vitano.
Vile vitatu vilikuwa ukuta uleule
uliopigwa picha asubuhi, kisha jioni.
Tapnyobi alikuwa akifua uani.
"Wewe ni wa sita wiki hii," akasema,
"na mwenye ploti yuko Rhonda, hata hajui kama anauza."
Akaendelea kukamua shuka.

Wa Kiamunyi alikuwa na hati.
Karani wa ardhi aliishika kwa ncha za vidole
kama mkate ulioota kuvu.
Wa Lanet alipandisha bei nikiwa njiani.
Wa Pipeline alinitumia maua na aya za asubuhi mwezi mzima;
siku niliyotaja wakili, akanibloku.

Bosibori hasemi kitu.
Anajua akiba ni ya miaka kumi na mmoja,
anajua chai yetu iliacha sukari lini.
Juzi tu aliuliza:
"Na ukiipata, utakuwa mwenye nyumba wa namna gani?"
Mzuri, nikasema. Nitapaka rangi.
Akacheka kwa pua.

Jana, saa nne usiku, tangazo jipya:
Free Area, vyumba sita, bei ya haraka.
Lango la bluu. Tangi lililoinama.
Kwenye kamba, shati.
Nikalivuta kwa vidole viwili, likakua:
la kijani, kifungo cha tatu cheusi,
maana Bosibori alikosa cha rangi yake.

Chini wameandika:
Namba nne, mpangaji mtulivu,
halalamiki hata maji yakipotea.

Nikainua macho. Dari, na lile doa la mvua.
Shati liko mlangoni, limepigwa pasi ya kesho.
Kidole kikaandika chenyewe.

Ipo, ndugu yangu.
Tuma elfu, uje uione.