Mzoga Mmoja

Bwana mifugo Chaula aliandika kwenye fomu:
punda, jike, mzoga mmoja.
Mama akamwambia, "Andika marehemu."
Chaula akacheka, kalamu ikamponyoka kwenye sakitu.

Miaka tisa alishusha viazi toka Bulongwa
bila kupewa jina.
Jina lake tuligawiwa sisi:
mimi kwa hesabu za kutoa,
kaka kwa kupoteza jembe,
baba naye, kinywani mwa mama huyu huyu,
usiku ule wa ulanzi.
Naye bandani, masikio juu,
akisikia anaitwa,
asijue aende kwa nani.

Jana mwanangu kamwaga maziwa.
Nikaanza, "Pu—"
nikamalizia kwa kukohoa.
Baridi ya Makete husingiziwa mengi.