Ukurasa wa 112

Rafu yangu ina vitabu vinene,
vya majalada magumu, vya tuzo na sifa.
Vingine navimaliza,
vingine vinanimaliza.

Ila ukiniuliza kipenzi changu
nitakutolea karatasi hii yenye mafuta,
niliyofungiwa njugu za shilingi mia tano
na Mama Drateru, sokoni Arua.

Mwanamke ameshika kitasa.
Ndani kuna mtu anakohoa.
Anavuta pumzi, ana

Nilirudi mbio. “Mama, kilichobaki kiko wapi?”
Akacheka, vidole vimejaa chumvi:
“Kimeliwa, mwanangu. Na mji mzima.”

Tangu hapo kila riwaya
naifungua nikitega sikio:
pengine nyuma ya sura fulani
yule mtu bado anakohoa.